Tenda Tatu za Ijumaa

Kazi yangu kwa ofisi ya Zubair, mkandarasi wa majengo, ilikuwa kupika chai, kufagia na kupeleka bahasha za tenda, zenye bei zetu za kuomba kazi. Hiyo ya bahasha ndiyo iliyonifunza. Tenda nyingi zilifungwa Ijumaa saa sita, wakati bosi anajitayarisha kwenda msikitini, kwa hivyo mimi ndiye niliyetumwa. Nikishatia bahasha kwenye sanduku sikuondoka. Nilikaa benchi la nyuma, kamati ikafungua bahasha zote na kusoma majina na bei kwa sauti, nami nikaandika yote kwa daftari. Hakuna aliyeniambia niandike. Nilimaliza darasa la nane, karo ya sekondari ikakosekana, nikabaki na tabia ya kuandika chochote kinachosomwa mbele yangu.

Kufikia mwezi wa tano mwaka wa 2002 tulikuwa tumekosa tenda tisa mfululizo. Mafundi wetu kumi na wanane walipita mlangoni kila asubuhi kuuliza kama kuna kitu. Jumatatu moja bosi akatuita mimi na Jeremiah, mzee aliyempigia hesabu za ujenzi, akasema tukikosa na wiki hii atauza mikseri ya zege na kufunga ofisi.

Halafu akapanga mezani vipande vitatu vya gazeti, matangazo ya tenda. Nyumba za wafanyakazi wa ranchi kule Konza. Vibanda vya soko Mumbuni. Bweni la wasichana Muthetheni. Zote zilikuwa zinafungwa Ijumaa hiyo, saa ile ile.

"Tunaingia zote," bosi akasema. "Moja lazima ishike."

Jeremiah akavua miwani. "Zubair, mimi niko na mikono miwili na siku nne. Mara ya mwisho ulinipa tatu nikasahau kuweka bei ya paa."

"Nakumbuka. Makau bado anatuita wajenzi wa nyumba za kuota jua." Makau alikuwa mkandarasi tuliyeshindana naye karibu kila tenda.

Nilikuwa namimina chai. Nikaweka birika chini.

"Bosi, naomba kusema kitu."

"Sukari imeisha?"

"Sukari iko. Ni hizi tenda." Nikatoa daftari kwa droo ya vikombe. "Kila tukipeleka bahasha tatu kwa wiki moja, kuna moja inatupwa, ama ukurasa haujasainiwa, ama kuna kitu kimesahaulika. Ranchi na kampuni kubwa, wale wakandarasi wawili wakubwa wa Nairobi wakija hatujawahi kuwashinda. Vibanda wanaingia watu kumi na tano, tunakuwa wa mwisho. Lakini mara mbili tumekuwa wa pili, na zote zilikuwa shule."

Bosi akafungua kurasa polepole. "Nani alikutuma uandike haya?"

"Hakuna."

"Sasa unataka niache Konza, kazi kubwa hivyo, nikimbilie Muthetheni? Huko hakuna maji. Siku ya kuonyeshwa kiwanja kila mkandarasi alilalamikia maji. Yatabebwa na lori kutoka mbali, na lori litakula faida yote."

"Wote watahesabu lori," nikasema. "Mimi ni wa huko. Wamama wa mwethya wetu, kile kikundi cha kufanya kazi pamoja, walichimba silanga, bwawa la maji ya mvua, nyuma ya kilima. Barabarani huioni. Haikauki mpaka mwezi wa kumi, na wanauza maji, punda wakiyabeba."

Jeremiah akavaa miwani tena. Akaniangalia kama mtu anayeangalia ukuta kama umenyooka.

"Kesho unipeleke," akasema.

Tulienda. Alivua viatu, akaingia kwenye silanga na ufito mrefu, akapima kina mahali saba, wamama wakimcheka magoti. Kisha akakaa chini na kuwauliza bei ya mtungi. Nzembi, mwenyekiti wao, alitaka kuongeza kidogo kwa sababu mgeni alikuwa na tai, wenzake wakamkataza. Barua ikaandikwa, wakaisaini, wengine kwa kidole gumba. Tuliporudi bosi aliisoma mara mbili, akachukua vile vipande viwili vya gazeti, cha Konza na cha Mumbuni, akavitia mfukoni. Siku mbili zilizobaki Jeremiah alifanya tenda moja tu, nami nikapitia kila ukurasa kuona saini.

Ijumaa tulikuwa wakandarasi watano katika ukumbi wa shule. Makau alikuwa mbele, ameegemeza mkono kwenye kiti cha jirani.

"Nzisa wa chai," akaniita, "leo mmekumbuka paa?"

"Leo liko, mzee."

Bei zikasomwa. Yetu ilikuwa ya chini kuliko zote, kwa laki nne. Makau akasimama kabla mwenyekiti wa kamati hajaweka karatasi chini.

"Hao wamesahau maji. Kwa bei hiyo hakuna lori linaweza kufika hapa. Wataacha ukuta kwa lenta, pale juu ya madirisha, wakimbie."

Mwenyekiti akaangalia upande wangu. "Kampuni ya Zubair, nani anaeleza?"

Sikuwa nimewahi kusimama katika mkutano kama ule. Nikasimama. "Ukurasa wa kumi na nne, mwenyekiti. Kuna barua ya bei na vipimo vya maji. Ukitaka kuyaona, ni mwendo wa dakika ishirini."

Alisoma barua. Akampa mwalimu mkuu, naye akatabasamu, kwa sababu jikoni mwake walipika kwa maji ya silanga hiyo hiyo. Makau akakaa. Alipotoka alinipitia karibu, akasema, "Kumbe dizeli yote ya lori niliyoweka kwa bei yangu ilikuwa ya bure," akacheka kweli.

Barua ya kushinda ilikuja baada ya wiki mbili. Bosi aliisoma amesimama, akampa Jeremiah, Jeremiah akanipa mimi. Kisha bosi akasema tangu siku hiyo hakuna tenda itakayofika kwa Jeremiah kabla sijasema inafaa, na chai kila mtu ajimiminie.

Asubuhi iliyofuata mafundi walipita kama kawaida. Safari hii nilitoka nje na kalamu, nikaandika majina yote kumi na wanane. Wa kwanza akauliza kazi ni ya siku ngapi. Nikamwambia wiki kumi na sita, abebe blanketi.