Barafu Isiyo na Maji Chini Yake

Uvumi niliusikia wiki ya Krismasi, kwenye duka la mikate: eti wenye kinu cha kusaga cha mtoni wamepunguza maji ya mto, na barafu ya ukingoni imebaki inaning'inia, chini yake hewa tupu. Nikamwambia binti yangu Jagna. Akasema watu wa dukani hawajawahi hata kulowa miguu. Tangu siku hiyo sikutulia.

Kwetu Pomerania, kaskazini mwa Poland, msimu wa kuvua samaki aina ya trauti hufunguliwa tarehe mosi Januari, na anayetoa samaki wa kwanza hupewa kikombe. Wavuvi walikuwa kama thelathini, mwanamke ni Jagna peke yake. Mzee Gerwazy, katibu wa chama chao, akamtania. "Jagna, mwaka huu tena utatuletea majani ya mtoni?"

"Wewe kipanguse kikombe tu, mzee."

Mimi nilimpelekea Jagna supu. Baridi ilikuwa ya kugandisha mshipi kwenye pete za ufito wake wa kuvulia, ikabidi azinyonye barafu iyeyuke. Mara ndoano yake ya manyoya ikanasa samaki mkubwa, na samaki akakimbilia chini ya barafu. Desturi yao ni kwamba ukisaidiwa kumtoa, kikombe huna. Basi wote wakasimama kutazama, nami nikasimama. Jagna akapanda juu ya barafu amfuate.

Haikupasuka kwa kelele. Ilishuka tu, naye akashuka nayo hadi majini. Mkanda unaozuia maji kuingia kwenye suruali yake ya mpira inayofika kifuani alikuwa ameulegeza apate kuinama. Maji yakamjaa mpaka miguuni. Nikakimbia. Gerwazy akanikamata koti.

"Mama Jagna, ukikanyaga pale nitatoa wawili."

Nikabaki na chupa ya supu mkononi. Gerwazy akalala kifudifudi, akamsogezea Jagna mpini wa wavu. Hakuupokea. Mikono yote miwili ilikuwa kwenye ufito, na macho kwangu.

"Uachie, mwanangu," nikasema. Nilisema mara nyingi sana kabla hajauachia.

Alitoka hai. Vidole viwili vya mguu viliganda kwa baridi, vikakatwa. Sasa Januari inakuja tena, ameshanunua ufito mwingine, na kumzuia nimeshindwa. Nimeandika haya, Gerwazy ayabandike mlangoni pa chama.

Usikanyage barafu ya ukingoni, hata kama jana ilikubeba.
Usilegeze mkanda.
Samaki akiingia chini ya barafu, usimfuate. Kata mshipi.
Usiende peke yako.
Mwenzako akipanda barafu, usisimame kutazama.