Uvimbe Uliozikwa Koboko

Ocokoru, fundi wa maabara ya hospitali, alikuwa amefika kipande cha nne mlango ulipobishwa. Uvimbe uliotolewa asubuhi ile tumboni mwa Jamilah ulikuwa juu ya ubao wa maabara, mkubwa kama papai. Alikuwa akiukata vipande vyembamba, kama mtu anavyokata mkate, ili dawa ya kuhifadhi ipenye hadi ndani. Alivua glavu, akafungua.

"Binti, mimi Yakubu, bwana ya Jamilah," alisema mzee. Mkononi alikuwa na kitambaa cheupe kilichokunjwa vizuri. "Nimekuja kuchukua ile kitu. Watoto iko nyumbani Koboko, wamemaliza kuchimba shimo."

Ocokoru alikijua kitambaa kile. Miaka kumi na moja ya kazi hapa Arua ilimfundisha kwamba Waislamu wa huku hawapendi sehemu ya mwili itupwe; huifunga vizuri na kuirudisha udongoni.

"Mama anaendeleaje?"

"Ameamka. Ameuliza hii kabla ya kuuliza mimi. Amesema nizike mbali na ile ya kwanza, zisikae pamoja zikimsengenya."

Ocokoru alicheka kidogo. "Ya kwanza?"

"Miaka tatu sasa. Kliniki moja walitoa, wakanipa ndani ya ndoo. Nilizika nyuma ya nyumba."

Kwenye fomu ya Jamilah paliandikwa: majibu ya uvimbe wa kwanza hayapo. Ocokoru alikuwa amedhani karatasi zilipotea. Alimvutia mzee kiti.

"Mzee, kaa. Daktari anafikiri hii ni aina haionekani sana, inaanza kwa ukuta ya utumbo. Kama ni hiyo, iko vidonge vya kuizuia isirudi haraka. Kama ni ingine, hivyo vidonge havisaidii. Kwa macho zinafanana. Lazima tupime."

"Na ile ya kwanza? Ingepimwa, ingesema?"

Angeweza kujibu kwamba hajui.

"Ingesema, mzee."

Yakubu alikitazama kitambaa, akakinyoosha juu ya goti. "Basi mimi nilizika majibu."

"Ulizika mwili ya mama kwa heshima. Hakuna mtu alikuambia neno ingine."

"Tukifukua?"

"Udongo imeshamaliza."

Ocokoru alichukua kijisanduku cha plastiki, kidogo kama tende, akamwekea kiganjani. "Kila kipande kidogo nachukua ya kupima kinaingia kwa moja kama hii. Labda kumi hivi. Vingine vitaenda Kampala, iko vipimo hatuna hapa. Hivyo vyote vinawekwa kwa jina yake miaka mingi, daktari akitaka kuuliza tena. Ingine yote ni yenu. Lakini dawa inataka usiku moja. Nikikupa leo, itaharibika kabla haijasema."

Yakubu alikifungua kijisanduku, akakifunga, akakifungua tena. Alitoa simu.

"Siraji. Funika shimo na bati... Hapana, mama yako iko mzima. Ni mgeni wake iko na kazi kidogo hapa Arua." Alisikiliza. "Majirani wakiuliza, sema ni shimo ya ndizi."

Alisimama, akaweka kitambaa mezani. "Kesho saa ngapi?"

"Saa tano."

"Jamilah atanigombeza."

"Mwambie ni mimi nimekataa."

"Nitamwambia ni wewe. Unafikiri nitasema ni mimi?" Mlangoni aligeuka. "Binti yangu, hiyo vidonge... kama ni ile aina."

"Kama ni ile aina, daktari atawaambia mtapata wapi. Nitamkumbusha mwenyewe."

Yakubu aliitikia kwa kichwa, akaenda wodini.

Ocokoru alivaa glavu mpya, akamaliza kukata. Aliweka shashi iliyolowekwa dawa katikati ya kila vipande viwili, akavizamisha polepole ndani ya ndoo, akafunika. Kuchagua vya kupima ilikuwa kazi ya kesho. Kwenye kibandiko aliandika jina la Jamilah, tarehe na saa, na chini yake: kinachobaki kisitupwe, mwenyewe atakuja. Kitambaa cheupe alikiweka juu ya kifuniko, kisha akaosha ubao.