Kaa wa Fundi Kibwana

Kibwana, fundi redio wa Kibiti, alikuwa na desturi moja ambayo mkewe Siti aliizoea kama mtu anavyozoea kikohozi cha mwenzake. Redio ya mteja aliilaza chali, uso juu, imngoje mwenyewe. Redio iliyokufa, ambayo mwenyewe alishaisamehe, aliilaza kifudifudi. Hiyo ndiyo ya kunyofoa: spika, waya, springi, mota ya kuzungushia kaseti. Hakubandika jina la mtu. Uso juu, uso chini, basi.

Miaka ile biashara ilipofunguliwa, redio kaseti za kila namna zilimwagika kutoka Dar es Salaam, nyingine zimetumika huko zilikotoka mpaka vitufe vimefutika maandishi. Zilikufa upesi, na rafu ya Kibwana ikawa makaburi. Kutoka kwenye makaburi hayo alifufua wadudu. Kazi ikiisha, alitwaa mota, betri za tochi na kopo la dawa ya viatu, akatoa kombamwiko anayetetemeka hadi ukutani, akigonga anageuka. Mwalimu Silvesta, mtu wa Bukoba aliyepanga nyumba ya jirani, alimwambia, "Mzee, hawa huko Ulaya wanaitwa roboti."

"Huko Ulaya," akajibu Kibwana. "Hapa ni wadudu wangu, tena hawali."

Mdudu wa mwisho alikuwa kaa. Gamba lake ni bati la kopo, miguu yake spoki za baiskeli zilizokunjwa kwa koleo hadi zikakaa kama miguu ya kaa wa mikokoni. Kilichokosekana ni mota yenye nguvu. Kibwana alizijaribu zote alizokuwa nazo, kaa akaishia kutikisika tu papo hapo. Kisha tumbo likambana fundi, akapelekwa hospitali Utete. Warda, binti yao wa mwisho, aliyekuwa akilehemu na baba yake tangu alipomaliza darasa la saba, akaenda kumuuguza. Alirudi katika gari lililomleta baba amefunikwa.

Kabla gari halijafika, Mwanamkuu, dada wa marehemu, alishaiandaa nyumba. Aligeuza kioo kikatazama ukuta, kisha akazilaza redio zote kifudifudi. "Nyumba ya msiba haijitazami wala haiimbi," alisema. Siti alimwona. Lakini siku ile macho yaliona, akili haikupokea.

Akaingia eda. Alikaa chumbani nyuma ya pazia, uji ukipoa mbele yake hadi ukaota utandu. Warda alimbembeleza hadi akachoka, mwishowe akakata shauri kummaliza kaa wa baba, labda mama atachangamka. Wateja aliwapokea baba; Warda alilehemu tu kile alichokabidhiwa. Alipokwenda rafuni akakuta redio zote uso chini. Alidhani baba, alipohisi ugonjwa unamzidi, alizirudisha za watu, zikabaki maiti tupu. Akachagua kubwa, ya rangi ya fedha, akanyofoa mota.

Siti alikuwa akichambua mchele aliposikia mkwaruzo sakafuni. Pazia likanyanyuka kidogo chini, kaa akaingia upandeupande, akakwama kwenye ukingo wa mkeka, akapapasa, akapanda. Siti akacheka. Kicheko kikageuka kilio, na kilio kilipokwisha akafuta uso kwa upindo wa kanga.

"Mletee baba yako… " akasita. "Niletee mimi chakula, mwanangu."

Kesho yake alikuja Nurdini, mkata mikoko wa visiwa vya delta. Bushiri, mdogo wa marehemu, alimkaribisha barazani.

"Pole, Mama Warda," Nurdini alisema akiwa upande wa pili wa pazia. "Sisi wa delta habari hutufikia imeshachakaa."

"Nimeshapoa, baba."

"Marehemu alinitumia salamu kuwa redio yangu imepona. Ile ya rangi ya fedha. Mzee wangu hatoki kitandani tena, kila nikirudi ananiuliza kaswida zake."

Siti akamtazama Warda. Binti alikuwa ameshika mdomo.

"Zilikuwa kifudifudi, mama," alinong'ona. "Zote."

Ndipo akili ya Siti ikapokea kile macho yalichoona siku ile. Mikono ya wifi yake, redio baada ya redio.

"Nitamwambia baba alikosea, ilikuwa haijapona bado," Warda akasema. "Aje siku nyingine."

"Umsingizie uzembe maiti asiyeweza kujibu?"

Bushiri alichungulia. "Shemeji, mpe nyingine yoyote. Mtu wa visiwani, redio kwake ni redio."

"Juu ya kaburi ulisema nini, Bushiri? Hukutangaza kwamba mwenye amana aje?"

Bushiri akarudi barazani. Siti alimnyanyua kaa mkekani. Mgongoni palikuwa na alama ya kidole cha Kibwana, imegandia kwenye ulimbo wa lehemu. Aliipapasa mara moja tu.

"Lete bisibisi."

"Mama, huyu hatatembea tena. Hakuna mota nyingine."

"Najua. Lete."

Siti alishika, Warda akafungua. Skrubu ya mwisho ilipotoka, miguu ya spoki ililegea mikononi mwa Siti. Warda akaifunga mota mahali pake, akapasha moto chuma cha lehemu kwenye jiko la mkaa, akaunga waya, akatia kaseti. Kaswida ikajaa nyumba.

"Redio msibani!" Bushiri akang'aka.

"Iache," Siti alisema. "Mwenyewe asikie."

Nurdini alisikiliza kichwa kimeinama. "Alhamdulillahi. Fundi ameacha kazi yake safi."

"Ameiacha safi," Siti akajibu. "Sisi tuliifungua kwa makosa, baba, tukaifunga. Ikisumbua, ilete kwa binti yake. Utusamehe."

"Nimesamehe."

Nurdini aliondoka na redio yake. Siti alimpa Warda kaa. "Mweke rafuni. Uso juu."

Warda akamlaza gamba juu, miguu ameikunja. Kisha akaikamata redio iliyofuata, akaisogeza karibu na pazia.

"Hii ya nani, mama? Unakumbuka?"

Siti aliitazama. "Ya Sadala wa Mkongo. Ilikuwa hai. Igeuze."