Filimbi ya Kujibu

Mtu akipata ufadhili wa serikali, mtaa mzima hujiona umefadhiliwa. Ndivyo ilivyokuwa siku Mtafiti aliporudi nyumbani na begi lake, kinasa sauti chake na barua ya wizara yenye mhuri. Wizara ilikuwa imemteua, yeye na wenzake wachache, wachunguze kwa mwaka mmoja jinsi polisi na raia wanavyolinda mitaa kwa pamoja. Wenzake walikwenda kuhangaika ugenini. Yeye aliomba mtaa aliokulia, akakubaliwa, akarudi kulala katika chumba chake cha zamani nyumbani kwa Mjomba. Aliona amelamba asali.

Mjomba ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Ndiye pia mwenyekiti wa kamati ya ulinzi, na wazo la filimbi lilikuwa lake. Kila nyumba ilipewa filimbi. Ukimwona mwizi, unapuliza. Na kila nyumba inayosikia ni lazima ijibu, hata kama aliyemo ndani hajui kumetokea nini, ili mwizi azingirwe na sauti pande zote asijue pa kukimbilia. Wenye nguvu hutoka wakamkamata, polisi wakaitwa. Mkuu wa kituo aliusifu mpango huo mpaka sifa zikafika wizarani, na sasa wizara ilitaka kugawa filimbi nchi nzima. Ilikuwa inasubiri ripoti ya Mtafiti.

Basi akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Kinyozi alimwambia, "Tangu filimbi zije, tunalala usingizi wa pono." Muuza mkaa akamwambia hivyo hivyo, kwa pono huyo huyo. Mwalimu mstaafu, ambaye maishani mwake hakuwahi kukubaliana na mtu juu ya jambo lolote, naye akamtaja pono. Lakini Mtafiti alipouliza filimbi zilipulizwa lini mara ya mwisho, kila mmoja alikumbuka ana chungu jikoni. Hata kinyozi, ambaye hajui kupika chai.

Na kulikuwa na mlango mmoja ambao haukumfungukia. Mwenye nyumba alikuwa fundi cherehani, rafiki kipenzi wa marehemu mama yake, na kwa hiyo Mtafiti alimwita Mama Mdogo. Kila akibisha hodi alijibiwa kwa upole, "Njoo kesho, mwanangu." Mtafiti alidhani ni msiba. Mama Mdogo alikuwa amefiwa na mwanawe wa pekee wakati Mtafiti yuko masomoni mbali, na Mjomba alimpa habari hiyo kwa simu: ajali.

"Yule mwache," Mjomba alimwambia. "Kidonda hakijapona."

Hakumwacha. Asubuhi moja aliingia bila kinasa sauti, akaketi juu ya marobota ya vitambaa, akaanza kukunja sare za shule zilizokwisha kupindwa, kama alivyokuwa akifanya utotoni. Cherehani ililia kwa muda mrefu. Kisha ikanyamaza.

"Ulikuja kuniuliza habari za filimbi," Mama Mdogo alisema. "Haya, sikiliza. Kamati ilikuwa imeanza kufunga geti la uchochoroni jua likizama. Siku ile mwanangu alichelewa kazini, akakuta limefungwa. Akapanda ukuta. Si ukuta ule ule mliokuwa mkiuruka wewe na yeye? Umeme ulikuwa umekatika. Mjomba wako akaona mtu juu ya ukuta, akapuliza."

Mtafiti aliacha kukunja.

"Na mimi nilikuwa hapa hapa, kwenye kiti hiki. Nikasikia, nikajibu. Si ndiyo sheria? Wananisifu kwa pumzi, mwanangu, filimbi yangu inafika mpaka barabara kuu. Nikapuliza mpaka masikio yakaziba. Nikasema moyoni, leo wamempata. Kelele zilipotulia nikachukua taa, nikatoka nikamwone huyo mwizi. Nikalitambua shati. Nimelishona mimi."

Mtafiti alilia bila kujificha, na Mama Mdogo akamwacha alie, kwani yeye machozi yake yalikwisha kitambo.

"Mbona niliambiwa ajali?"

"Waliokuambia ndio wa kuwauliza. Mimi sikuwa na sauti."

"Niiandike, Mama Mdogo?"

"Uandike, usiandike, hayo yako na serikali yako. Mimi nataka jambo moja. Tangu tumzike, hakuna mtu wa mtaa huu aliyelitamka jina lake. Wanasema 'siku ile', wanasema 'lile jambo'. Mwanangu hakuwa jambo. Nataka mtu alitaje jina lake mbele za watu, na aseme hakuwa mwizi. Nikisikia hivyo, hata nikifa kesho."

Mtafiti alimkuta Mjomba barazani, mapajani ana bomba la maji analolibana kwa spana, kwani kazi yake ilikuwa ufundi bomba. Akamwangalia mpwa wake usoni, akajua.

"Sikumgusa," alisema. "Naapa, sikumgusa. Nilipomtambua nilipiga kelele wamwache. Lakini filimbi mtaa mzima, nani atakusikia?"

"Kwa nini ulinidanganya, Mjomba?"

"Ungeniita nani, baada ya hapo?" Spana ilimtoka mkononi. "Ukiandika watanichukua mimi. Waliompiga hawana majina, wala hakuna atakayesema aliwaona. Aliyepuliza anajulikana. Mimi nimekulea, mwanangu. Sisemi ili unilipe."

Alikuwa amekwisha kusema, hata hivyo, na lililosemwa halirudi mdomoni. Mtafiti alijifungia na ripoti yake siku kadhaa. Alimpenda Mjomba kuliko mtu yeyote aliye hai. Mwishowe, chini ya kichwa cha changamoto, aliandika kwamba katika tukio moja wananchi walitumia nguvu kupita kiasi. Sentensi ilikuwa safi, haina damu wala jina. Aliisoma akaona haya, lakini akaiacha.

Wageni wa wizara walikuja Jumamosi asubuhi. Walifungiwa turubai, wakapangiwa viti, na mkuu wa kituo alikuwa amevaa kofia mpya. Majirani waliagizwa wasimame milangoni mwao, filimbi shingoni. Baada ya hotuba, kiongozi wa msafara, bwana mchangamfu, alisugua viganja vyake.

"Maneno tumeyasikia. Mwenyekiti, hebu tuonyeshe."

Mjomba alisimama. Alimtazama Mtafiti, akautazama ukuta wa uchochoroni, akaitia filimbi mdomoni. Ilitoka sauti nyembamba, kisha sauti kamili.

Hakuna aliyejibu. Kinyozi aliinamisha kichwa. Muuza mkaa aliishika filimbi yake lakini mkono haukupanda. Mtaa mzima uliutazama mlango wa fundi cherehani, na mkuu wa kituo akaanza kukohoa.

Ndipo ikajibu filimbi moja. Ilikuwa ndefu, ya pumzi isiyokwisha. Mama Mdogo alitoka nayo mdomoni, sindano bado imechomekwa kifuani mwa gauni lake, akakatiza mbele ya wageni bila kuwatazama. Alipofika chini ya ukuta alisimama pale pale mwanawe alipoangukia, akaendelea kupuliza.

Wageni walipiga makofi.

"Mnaona?" alisema kiongozi wa msafara. "Mama mtu mzima, na ndiye wa kwanza kuitikia! Mtafiti, hilo liandike. Hii ndiyo polisi jamii."

Makofi yaliongezeka. Mtafiti alimgeukia Mjomba, naye Mjomba alikuwa anavua kamba ya filimbi shingoni, lakini haitoki, imenasa sikioni.

"Sema, mwanangu," alimwambia kwa sauti ya chini. "Mimi nimeshindwa. Sema wewe, na mimi unitaje."

"Watakuchukua, Mjomba."

"Sema."

Mtafiti alisogea mbele ya viti. Ripoti aliiacha mezani.

"Naomba msipige makofi," alisema, na makofi yakakatika moja moja. "Huyu mama haonyeshi kitu. Hapo aliposimama aliuawa mwanawe, na kijana huyo hakuwa mwizi. Alikuwa anarudi kwao, Mjomba wangu akampulizia filimbi akidhani ni mwizi, na mtaa ukaitikia."

Kisha akalitaja jina lake, la kwanza, la baba na la ukoo, kwa sauti ya kufika kila mlango. Mlangoni kwake kinyozi alilirudia. Muuza mkaa akalirudia. Mwalimu mstaafu akalirudia huku analia. Jina likapita nyumba hadi nyumba kama filimbi zilivyopita siku ile, mpaka likafika ukutani, na Mama Mdogo akaacha kupuliza.