Kimanga Yaulizwa Habari za Sumaya

Familia ya mzee Jafari ni watu wazuri, ila wana kasoro moja: wakitaka kusema uongo, hawakai kwanza wakakubaliana. Kila mmoja anatoka na wake.

Binti yao Sumaya alipougua katikati ya masomo ya sheria, mama yake aliwaambia majirani kwamba ameolewa Kigoma. Baba yake, ambaye hakuna aliyemshauri, akawaambia wenzake msikitini kwamba binti yuko Dubai, analeta vitenge. Kaka yake Ibrahim naye, akinyolewa kwa Pitchou, akatamba kwamba dada yake kapata bourse, anasomeshwa bure Kampala. Wakati huo Sumaya mwenyewe alikuwa Bujumbura, ng'ambo ya mpaka, katika hospitali ya wagonjwa wa akili, akijifunza upya kulala usingizi.

Alitibiwa, akapata nafuu, akarudi darasani baada ya miaka miwili, akamaliza, tena vizuri. Sasa alikuwa ameomba kuingia barreau, chama cha mawakili, aanze stage, yaani mazoezi ya kazi, katika ofisi ya wakili mmoja, Maître Bonaventure. Ile miaka miwili iliyokosekana aliielezea kwa maneno machache, “sababu za kifamilia”, akapita haraka. Aliogopa jambo moja, lakini aliliogopa kwelikweli: siku watakapojua kwamba alikuwa mgonjwa wa akili, nani atamkabidhi kesi yake?

Alichosahau ni enquête. Barreau haipokei mtu kwa karatasi peke yake. Humtuma wakili mmoja wa siku nyingi mtaani kwa mwombaji, akaulize majirani: huyu ni mtu wa namna gani? Mgomvi? Mwizi? Anasema kweli? Safari hii alitumwa Maître Léocadie, mama wa makamo asiyecheka ovyo. Alizunguka mtaa wa Kimanga asubuhi nzima, akikaribishwa chai kila mlango, na kesho yake akamwita Sumaya ofisini.

“Kaa, binti yangu. Nimefurahi kuwaona nyote.”

Sumaya akageuka kutazama nyuma. Hapakuwa na mtu mwingine.

“Iko mmoja aliolewa Kigoma,” Maître Léocadie akaendelea, “bwana yake ni mwalimu. Iko mwingine anafanya biashara Dubai. Na iko ule wa bourse ya Kampala. Majirani wote wameapa. Sasa uniambie, weye ni nani kati yao?”

Uongo mwingine ukamjia Sumaya mdomoni, mzuri tu, una shangazi ndani yake na ugonjwa wa moyo. Lakini alikuwa amechoka. Kuugua kulimchosha, na kuficha kukamchosha zaidi.

“Hakuna hata mmoja, Maître. Nilikuwa mgonjwa wa kichwa. Nilikaa siwezi kulala, nikaanza kuona kila mtu ananitafuta. Walinitibu Bujumbura. Hata leo dawa nakunywa, na daktari ananiona. Nilificha juu niliogopa mutanikatalia.”

Maître Léocadie akaweka kalamu chini.

“Ugonjwa si kosa,” akasema. “Daktari wako akisema kazi unaiweza, kwangu hiyo imekwisha. Shida yangu ni ingine. Nitawaambia nini wenzangu? Kwamba mtaa muzima unadanganya juu yako? Nitarudi kwenu Kimanga Alhamisi, niulize maswali yaleyale. Nendeni munyooshe mambo yenu.”

Nyumbani, baba alisema Dubai ataifuta mwenyewe baada ya swala. Ibrahim alilalamika kwamba itabidi atafute kinyozi mwingine. Mama ndiye aliyekataa katakata.

“Niende mulango kwa mulango kusema mutoto wangu aliharibika kichwa? Bora munizike! Minye nilifunga mudomo kwa ajili yako, Sumaya. Nani atakuoa?”

“Mama, si umeshaniozesha Kigoma?”

Mama alitaka kukasirika, lakini kicheko kikamwahi. Alicheka, akafuta macho, akachukua kitenge chake akajifunga. Wakatoka pamoja.

Mlango wa kwanza ulikuwa wa Libérate, mjane wa ng'ambo ya barabara, aliyekuwa akianika ndagala juani. Mama alimsalimu. Akauliza afya, akauliza watoto, akauliza bei ya mawese, akarudi kwenye ndagala, akaisifu. Libérate alimwangalia tu.

“Mama Ibrahim, weye haukuvuka barabara kwa ajili ya ndagala.”

“Da Libérate... ile habari ya Kigoma haikuwa kweli. Mutoto alikuwa...” Neno likamkwama.

“Mgonjwa,” Libérate akamsaidia, akiendelea kutandaza samaki wake. “Tunajua.”

“Munajua nini?”

“Ee, Mama Ibrahim! Mutoto alipanda juu ya ukuta wenu muchana kweupe, akatusomea sheria zote za Kongo, barabara nzima ikasimama. Nani hakumuona? Kesho yake ukatuletea Kigoma yako. Tukasema, basi, kama mama yake anataka Kigoma, iwe Kigoma. Hata ule Maître alipokuja, minye nilimupa Kigoma. Nikamuongezea na bwana, nikamufanya mwalimu ili asitie mashaka.”

Sumaya hakuwa na kumbukumbu yoyote ya ukuta. Siku zote mama alimwambia kwamba hakuna aliyeona. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, moto kabisa, kisha ikaanza kushuka yenyewe. Watu hawa walimwona juu ya ukuta, na bado walikuwa wakimsalimu kila asubuhi. Walimletea karatasi zao za serikali awasomee. Walimpa watoto wao awafundishe Kifaransa. Alichokuwa akikilinda kwa jasho kilikuwa kimejulikana zamani, wala hakuna kilichomtokea. Alijisikia mwepesi, akatamani kucheka na kulala papo hapo.

Mama yake alikuwa ameketi chini kwenye vumbi, kitenge usoni, analia.

“Miaka yote hii nimebeba peke yangu, Da Libérate.”

“Nani alikuambia ubebe peke yako? Tulikuwa tunakungoja utuambie. Tungevuka mupaka na chakula cha mutoto.”

Ilikuwa hivyo kila mlango. Hata Pitchou alijua, na akaomba radhi kwa kuwa yeye ndiye aliyeongeza kwamba Sumaya aliongoza darasa huko Kampala.

Alhamisi Maître Léocadie alirudi, na Kimanga ikasema kweli kwa bidii ileile iliyodanganya nayo. Walimkimbilia barabarani. Pitchou alimwacha mteja na nusu ya nywele kichwani ili asipitwe. Sumaya alisikiliza nyuma ya pazia la dirisha lao, mpaka wakili alipofika kwa Libérate na kumuuliza jambo ambalo hakuwa amemuuliza mtu mwingine.

“Mama, unajua kichwa chake kilikuwa mgonjwa. Weye kesi yako unaweza kumupatia?”

“Kesi yangu ya kiwanja?” Libérate akashangaa. “Shemeji alijenga ndani ya kiwanja changu tangu bwana yangu afe. Maavocat wamekuja kuitaka hiyo kesi, nimewarudisha wote. Si namungojea huyu mutoto awe avocat?”

Maître Léocadie alicheka, kwa mara ya kwanza tangu aingie Kimanga.

“Basi mungojee kidogo tena, mpaka aape kiapo cha uwakili. Minye kazi yangu hapa imekwisha.”

Nyuma ya pazia Sumaya alikaa sakafuni, akalia kwa sauti, hajali nani anasikia. Mama yake akaja mbio kutoka jikoni, mikono ina unga.

“Wamekukatalia?”

“Hapana, mama,” Sumaya akasema. “Niko na kesi.”