Chatu Mweupe Anayeitikia

Uongo wa kwamba Askofu anasalimu niliutunga mimi mwenyewe, tena niliutunga kwa ajili ya wageni tu. Askofu ni chatu, mweupe pe, macho ya buluu, wa ile jamii ndogo ya Afrika Magharibi inayojiviringa kama mpira ikishtuka. Nilimnunua Nairobi kwa vibali vyote, nikamweka kwenye banda langu la nyoka hapa Robanda, watalii wapate kupiga picha wakitoka hifadhini. Kichwa chake kilikuwa hakitulii, hasa akinusa panya. Mgeni akiniuliza ana nini, nilimjibu, "Anakusalimu." Wanacheka, wanaridhika, wanaondoka.

Nilijua ana nini. Ugumu wa chatu mweupe ndio huo: weupe unafunika kila kitu, kama chokaa ukutani, huwezi kujua chini yake kuna jeni gani mpaka umpe jike la kawaida, halafu uwakague watoto. Nilimpa. Mayai yakaanguliwa, hakutoka hata mtoto mmoja mweupe, lakini baadhi walikuwa na mistari myembamba ya utando, ile ambayo wafugaji wanaiita buibui. Jeni hiyo huja na ugonjwa wake wa neva. Wenye utando wote walitikisa vichwa kama baba yao. Nikawaficha chumba cha nyuma, nikaendelea na maneno yangu ya salamu. Nyoka mgonjwa nani atamfuata?

Kisha mama akaja kukaa kwangu. Mama yangu, Akello, aliuza dagaa Nyamisangura, Tarime mjini, mpaka mtoto wa jicho alipomziba macho yote mawili, akawa anaona mwanga na vitu vyeupe tu. Kaka yangu mkubwa, Ochieng, alikuwa amevuka mpaka pale Sirari kwenda kutafuta kazi Kenya. Simu yake ikazimika, na hata ndugu zetu wa Migori hawakujua aliko.

Sisi Wajaluo chatu akiingia nyumbani hafukuzwi. Wazee wanasema ameleta baraka. Mama alipoona kile cheupe ndani ya kioo, na kunisikia nikiwaambia wageni kwamba kinasalimu, alivuta kigoda akakaa mbele yake.

"Ochieng atarudi?" akamuuliza.

Askofu alikuwa ametulia kama gogo. Nikamtazama mama usoni, nikashindwa kuvumilia. Nikagonga kioo kwa ukucha. Kichwa kikaanza: juu, chini, juu, chini.

"Ameitikia," mama akasema, na machozi ya furaha yakamtoka.

Tangu hapo ikawa ndiyo sala yake ya asubuhi. Nami, mpumbavu niliyezaliwa na akili zangu timamu, nilihakikisha kila asubuhi boksi la panya liko karibu na kioo.

Siku moja Elieth, muuguzi wa zahanati yetu, akaja mbio na habari njema. Madaktari wa macho wako hospitali ya wilaya mpaka Ijumaa, wanatoa mtoto wa jicho.

"Nitaenda Ochieng akirudi," mama akamjibu. "Mtoto wa kwanza ndiye anampeleka mama yake kupasuliwa. Na Askofu ameshasema anarudi."

Elieth akanivuta pembeni. "Kaka Elkana, zungumza na mama. Hawa madaktari hatujui watakuja tena lini. Akichelewa sana, hata huo mwanga kidogo anaweza kuupoteza."

Je, nilizungumza? Nilikwenda kusafisha mabanda yaliyokuwa safi. Mama aliniita mara mbili nije nile naye, nikajifanya sisikii, maana ningekaaje naye sahani moja? Nilikuwa nimemwibia macho, tena kwa huruma, na huruma ya namna hiyo ni uoga uliovaa nguo nzuri.

Alhamisi asubuhi nilichukua mtoto mmoja kutoka chumba cha nyuma, mwenye utando, nikamweka kiganjani mwa mama.

"Nani huyu?"

"Mtoto wa Askofu. Mguse taratibu."

Kichwa kidogo kikatetemeka juu ya kidole gumba chake. Akakunja uso. "Anaitikia nini? Mbona sijamuuliza kitu?"

"Haitikii, mama. Anaumwa. Amerithi kwa baba yake. Nilijua siku nyingi. Na ile siku ya kwanza, mimi ndiye niliyegonga kioo."

Nilisubiri laana. Yule mdogo akampanda mama mpaka kwenye mkono wa gauni.

"Niletee baba yake," akasema.

Nikamweka Askofu mapajani pake. Akamshika chini ya kidevu kwa vidole viwili, akainama.

"Ochieng amekufa?"

Kichwa kikaenda juu, chini, juu, chini.

"Mama! Huyo hajui chochote!"

"Najua. Ndiyo maana nimemuuliza." Akampapasa mgongo, polepole. "Anakubali yote, maskini." Halafu akageuza uso kuelekea sauti yangu. "Kumbe siku zote hizi aliyekuwa ananijibu ni wewe, wuoda."

Hakuwa ameniita "mwanangu" kwa Kijaluo tangu utoto wangu. Ningependa anitukane.

"Ni mimi, mama."

"Basi nijibu tena, bila kugonga kioo. Ochieng atarudi?"

Mikono yangu ilitamani kitu cha kugonga.

"Sijui, mama."

Alilia kidogo, bila sauti, Askofu bado akimwitikia mapajani. Kisha akanirudishia nyoka wangu, akanyoosha mkono hewani kuutafuta wangu.

"Haya," akasema. "Nipeleke wewe."