Nyumba ya Safu Tatu

Mchana ule nilirudi kutoka hospitali nikiwa sina nguvu hata ya kuvua viatu. Mimba yangu ya wiki kumi na moja ilikuwa imetoka, na siku hiyo daktari alinisomea majibu ya kipimo. "Mama, ilikuwa triploidi," alisema, nami nikaitikia kwa kichwa kana kwamba nimeelewa. Nyumbani mama mkwe wangu, Ma Nyamwiza, aliniuliza majibu yamesemaje, nikashindwa hata kulitamka lile neno. Akasema kwa sauti ya chini, "Uliinua mizigo mno, Koku." Nikajitupa kitandani, nikalia mpaka usingizi ukanichukua.

Nikajiona katika nchi ya ukungu, ambako kila nyumba ilijengwa na watu walioingia kwa safu. Mwanamke mrefu alinikamata mkono, akajitaja kuwa ni Lawama. "Nyumba yako imeanguka," akasema, "na wewe ndiye uliyeiangusha." Nilipomwuliza kwa tendo gani, alinimwagia matendo mia, mengine yangu, mengine sikuwahi hata kuyafikiria, na yote niliyakubali, maana kichwa kilinizunguka na sikujua tena lipi nililifanya na lipi nimesingiziwa. Ndipo akaja mwingine, mfupi, asiye na haraka, jina lake Maarifa. "Kabla hujakiri, hesabu," akaniambia. Akanipeleka kwenye nyumba iliyosimama: watu ishirini na watatu kutoka kwa mama, ishirini na watatu kutoka kwa baba, kila mmoja na mwenzake, wakipokezana matofali. Kisha akanionyesha yangu. Nikahesabu safu moja, ya pili, halafu nikakuta nyingine. Nikadhani nimekosea, nikaanza upya, nikapotea, nikaanza tena. Watu sitini na tisa walikuwa wakisukumana mlangoni, na ukuta kila ulipoinuka kidogo ulilala chini.

"Safu moja imezidi," Maarifa akasema. "Hiyo ndiyo triploidi: seti tatu za kromosomu mahali pa mbili. Mara nyingi mbegu mbili za baba huingia pamoja katika yai moja."

"Nani aliyezifungulia?"

"Hakuna. Yalikwisha kutokea kabla hujajua kwamba una mimba."

Nikageuka nimwulize Lawama. Bado alikuwa akisema, lakini maneno yake hayakushikana tena.

Nilipozinduka jua lilikuwa bado kali dirishani, na Ma Nyamwiza ameketi ukingoni mwa kitanda. Nikamsimulia yote, nikijikwaa, nikirudia, na katika kumweleza ndipo nami nilipoelewa kwamba sikumwua mwanangu.

Ma Nyamwiza akanivutia shuka miguuni.

"Wa kwangu alitoka mwaka mmoja kabla sijampata mumeo," akasema. "Waliniambia ni ukaidi wangu." Kisha akanitazama kama anayeogopa jibu. "Na yule je, Koku? Naye alikuwa na safu tatu?"

Sikujua. Nikasogea, nikampa nafasi, akajilaza kando yangu na kulia.